Lenzi ya Kumvizia Bi Ratiba

Saa nne na dakika kumi asubuhi ya Jumatatu, Bi Ratiba aliifunga albamu yangu kabla hajafika katikati.

"Hii ni harusi?" aliuliza.

"Ni harusi, mama."

"Mbona wote wanaonekana kama wanasubiri viza?"

Niliifungua tena nikaangalia. Bwana harusi ametazama mbele, mdomo umefungwa, masikio yote mawili yanaonekana. Bibi harusi vivyo hivyo. Nyuma yao mashahidi wanne, masikio manane. 

Kwa aliyekosa simulizi langu la gazeti la wiki iliyopita: mimi ni mpiga picha za pasipoti. Studio aliianzisha baba, mimi napiga, dada yangu mkubwa anakaa kaunta. Tuliishi vizuri mpaka ofisi ya vitambulisho ilipoweka kamera yake yenyewe dirishani. Ndipo nikageukia harusi, na kwenye harusi yangu ya kwanza nikamwambia bibi harusi anyooshe shingo, shela likagusa mshumaa. Lilizimwa kwa soda. Hayo yamepita.

Mtaani wananiita Kidevu Juu, kwa sababu ndilo neno ninalolisema kutwa. Kila mkazi wa eneo hili amewahi kukaa kwenye kigoda changu. Matokeo yake ni kwamba mtu akiniona na kamera, hata kama anakimbiza kuku, anasimama, anakunja uso, anasubiri.

Bi Ratiba ndiye anayepanga harusi zote kubwa za mji. Anapanga ukumbi, viti, maua, magari, na wengine wanaamini anapanga na mvua. Akikuchukua, una kazi msimu mzima. Asiponichukua, studio inafungwa. Dada alikuwa ameshaanza kuuliza nani ananunua taa.

"Mimi nataka picha za watu wasiojua kwamba wanapigwa," alisema Bi Ratiba. "Mama wa bibi harusi akifuta chozi. Shemeji akiiba keki. Wewe ukiwasogelea wanakauka."

"Naweza kukaa mbali."

"Haya. Nipige mimi."

"Sasa hivi?"

"Kijana, sasa hivi si nitajua? Nimekupa ruhusa mpaka Ijumaa. Nivizie popote nikiwa kazini. Niletee picha moja tu ambayo sikujua kwamba napigwa. Nikijua, kazi huna."

Nilimshukuru. Aliniambia nifunge mlango taratibu kwa sababu bawaba zimelegea, na kweli zilikuwa zimelegea.

Tatizo lilikuwa la kiufundi, na matatizo ya kiufundi hayanitishi. Lenzi yangu ya studio ni fupi. Ili nijaze fremu kwa uso wa mtu, lazima nisimame mahali ambapo naweza kumshika bega. Nilihitaji lenzi ndefu ya kuvuta, ambayo mtu aliye ng'ambo ya barabara inamleta mezani. Nilihitaji pia iwe ya bei ya mtu ambaye dada yake anauza taa.

Fundi wa kamera, anayeuza vifaa vilivyotumika, aliniwekea tatu kwenye kipande cha blanketi.

"Ya kwanza hii nyeupe," alisema. "Milimita sabini hadi mia mbili. Tundu lake la mwanga ni kubwa mwanzo mpaka mwisho. Ukumbini penye giza inaona. Na nyuma ya mtu inafuta kila kitu, inabaki ukungu mtupu."

"Mbona bei yake imeshuka?"

"Ina kuvu kidogo ndani, pembeni. Kama chai iliyokauka kwenye kikombe. Picha haiharibu."

"Ya pili?"

"Hii nyeusi ndefu. Sabini hadi mia tatu. Ndiyo rahisi kuliko zote. Haina kitulizaji, mkono wako ukitetemeka na picha inatetemeka. Na mota ya fokasi inasema kidogo."

Aliifunga kwenye kamera, akaiwasha. Ilisema kama mtu anayesaga mahindi kwa jirani.

"Na hii ya tatu?"

"Hamsini na tano hadi mia mbili hamsini. Ndogo, nyepesi, kimya, ina kitulizaji. Tundu lake dogo, nyuma ya mtu haifuti sana. Na kitako chake, pale inapoungana na kamera, ni plastiki."

"Plastiki?"

"Usiiangushe."

Nilichagua nyeupe. Sababu zangu zilikuwa sahihi: mwanga mwingi, shata inayofunguka na kufunga haraka, ukungu nyuma ya mtu. Tulikubaliana niache taa zangu mbili kwake kama amana, na nisiporidhika naweza kubadilisha.

"Lakini kaka," Fundi alisema nilipofika mlangoni, "hiyo haifichiki."

Nilimjibu kwamba umbali ndio unaoficha.

Nyumbani baba aliinyanyua lenzi kwa mikono miwili kama mtoto mchanga.

"Kesho utamvizia wapi, mwanangu?"

"Kwenye stoo ya viti. Mimi nitakuwa juu, duka la mapazia, roshani ya kushoto."

"Roshani ya kushoto," baba alirudia. "Vizuri. Mahali pazuri sana."

Alikuwa mwalimu wangu wa kwanza wa picha. Ilikuwa kawaida aulize.

Jumanne, roshani ya kushoto, nilijibanza nyuma ya pazia la maua makubwa. Mwenye duka alikuja akasimama nyuma yangu.

"Kaka, hilo bomba ni la nini?"

"Lenzi."

"Utanunua pazia?"

"Hapana."

"Basi usilikunje."

Chini, wachukuzi wa viti walikuwa wameshaniona. Wote watatu waliweka viti chini, wakasimama wima, wakakaza midomo. Muuza maua alishusha ndoo yake akajifuta uso. Barabara nzima ilikuwa tayari kwa pasipoti.

Bi Ratiba alitoka stoo. Hakuangalia wachukuzi. Alisimama katikati ya mlango, akageuka moja kwa moja kwenye roshani ya kushoto, akasukuma kilemba nyuma ya masikio, na kutulia hivyo mpaka nilipobonyeza. Kisha akanipungia kidole.

Hitimisho langu lilikuwa hili: lenzi nyeupe inaonekana mno.

"Nilikwambia," alisema Fundi, akiirudisha kwenye blanketi.

"Nipe nyeusi ndefu."

"Inasema."

"Nitakuwa ndani ya gari. Turubai litaziba sauti."

Jioni baba aliuliza tena. Nilimweleza: pikapu ya muuza maua, ile ya bluu, nimepewa ruhusa nikae nyuma, chini ya turubai, itaegeshwa mbele ya duka la keki saa tano.

"Chini ya turubai," alisema baba. "Utaumia mgongo, mwanangu."

Dada alikuwa anafunga kabati la chumvi. Tangu mama afariki, dada ndiye mwenye funguo zote za nyumba, na chumvi ameifungia kwa sababu ya presha ya baba. "Na wewe baba lala," alisema. "Kesho si unakwenda tena kupima?"

"Nakwenda, binti yangu. Daktari amesisitiza."

Jumatano saa tano nilikuwa chini ya turubai, nikinusa maua yaliyokufa. Niliona mlango wa duka la keki kupitia upenyo. Bi Ratiba alitoka na boksi. Nilibonyeza kitufe nusu ili lenzi itafute fokasi. Lenzi ikaanza kusaga.

Ilisaga kwenda, ikasaga kurudi, ikakosa, ikaanza upya. Ilipompata alikuwa ameshafika. Aligonga bodi ya pikapu kwa pete yake.

"Umepata?"

"Bado, mama."

"Utaumia mgongo. Huko chini hapafai."

Nilipozifungua picha kwenye kompyuta, duka la keki lilionekana limefuliwa na kuanikwa likiwa limekunjwa. Bila kitulizaji, kwa milimita mia tatu, mkono unahitaji shata isiyopungua moja ya mia tano ya sekunde. Mimi nilikuwa na moja ya mia moja.

Hitimisho la pili: kelele na mtetemo. Nilijisikia nimepiga hatua. Mtu anayeondoa makosa moja baada ya jingine lazima afike.

"Wewe unachagua lenzi au mke?" Fundi aliuliza.

"Nipe ya plastiki."

"Ungechukua hii tangu Jumatatu, blanketi langu lingekuwa limepumzika."

Alhamisi, kabla sijatoka, nilimtafuta baba nimweleze mpango mpya. Hakuwepo.

"Presha," alisema dada bila kuinua macho. Alikuwa anapekua droo. "Umeiona tai ya wateja?"

Studio yetu ina tai moja na koti moja kwa ajili ya wateja wanaokuja na fulana. Koti lilikuwepo msumarini. Tai haikuwepo.

"Labda mteja aliondoka nayo," nilisema.

"Mteja gani? Tangu Jumatatu tumempata mmoja, na alikuwa mtoto mchanga." Alisukuma droo. "Na hiyo presha ya baba. Juzi kapima, jana kapima, leo kapima. Presha gani hiyo mtu anarudi anapiga mluzi?"

 Nilichukua kamera nikaondoka.

Muuza maua aliniambia Bi Ratiba yuko ukumbini peke yake, anapima nafasi za meza. Nilipanda ngazi za nje mpaka kwenye ghorofa ndogo ya wapiga muziki, ambako huhifadhiwa viti vibovu. Nililala kifudifudi nyuma ya viti hivyo. Lenzi ndogo ilipita vizuri kati ya miguu miwili ya kiti.

Chini, Bi Ratiba alikuwa amevua viatu.

Alikuwa anatembea kwenye njia ya katikati, ile ya bibi harusi, polepole, hatua na pumziko, hatua na pumziko. Mkononi alishika fagio la vumbi la manyoya ya plastiki, ameliinua kifuani kama shada. Alifika katikati, fagio likamtekenya pua, akapiga chafya. Halafu akacheka. Alicheka kwa mwili wote, mabega yakipanda, kilemba kikiteleza, mdomo wazi mpaka magego.

Lenzi haikutoa sauti. Kitulizaji kilifanya kazi yake. Nilipiga mfululizo, na hakuna hata mara moja aliyotazama juu.

Nilirudi studio kwa njia ya nyuma, nikafunga mlango wa chumba cha kompyuta.

Picha ya nne ilikuwa kamili. Jicho limekaa kwenye fokasi, chafya imekwisha, kicheko kimeanza. Katika miaka yote ya kazi yangu sijawahi kupiga mtu anayecheka, ofisi zinakataa. Niliikuza kidogo kukagua ukali wa picha.

Nyuma ya Bi Ratiba, mbele kabisa ya ukumbi, mahali anaposimama bwana harusi, palikuwa na mtu ambaye sikumwona wakati napiga, kwa sababu jicho langu lilikuwa kwa Bi Ratiba tu.

Lenzi nyeupe, kwa tundu lake kubwa, ingemfuta. Angekuwa doa la kijivu, nami ningekuwa mtu mwenye amani. Lenzi ya plastiki ilimwacha jinsi alivyo. Alikuwa na masharubu. Alikuwa amenyoosha mikono yote miwili kumpokea anayekuja. Shingoni alivaa tai ya wateja.

"Baba," nilisema peke yangu.

Nilipanga ninayoyajua. Jumatatu jioni nilimwambia baba kuhusu roshani ya kushoto. Jumanne Bi Ratiba alitazama roshani ya kushoto. Jumanne jioni nilimwambia kuhusu turubai. Jumatano akagonga bodi ya pikapu na kuniambia nitaumia mgongo, maneno yaleyale ya baba. Leo baba sikumwona, na leo Bi Ratiba hakujua lolote.

Lenzi hazikuwa na hatia. Nilikuwa nimezihukumu mbili bure.

Nilijaribu kumkata baba pembeni ya picha. Ikabaki mikono yake. Nikakata mikono, akabaki mwanamke anayecheka na ukuta, na kilichofanya picha iwe picha kikawa kimeondoka. Niliichapisha nzima.

Ijumaa asubuhi niliiweka mezani kwa Bi Ratiba, nikarudi nyuma nikasimama.

Aliitazama kwa muda mrefu. Rangi ya uso wake ilibadilika mara mbili.

"Ulikuwa wapi?"

"Juu, nyuma ya viti vibovu."

"Mbona sikuambiwa?"

Kisha alifunika mdomo kwa kiganja. Kilikuwa kitendo cha kuchelewa.

"Nani alikuwa akuambie, mama?" niliuliza.

"Usiniite mama," alisema. "Bado."

Tulikaa. Yeye alikaa kwanza, mimi nikafuata. Alinieleza mambo kwa mpangilio, kama ratiba. Yeye na baba walikutana pale studio, alipokuja kupiga picha ya pasipoti siku ambayo mimi sikuwepo. Baba alimwambia asikunje uso. Yeye akamjibu ndivyo ulivyo. Baba akacheka.

"Kila jioni nilidhani anauliza ili anisaidie," nilisema.

"Alikuwa anakuharibia. Aliogopa usije ukatupiga pamoja. Nilimwambia si haki. Akasema, 'Mwanangu anapenda kukosea kwa utaratibu, usimkatize.'"

Nilimwachia baba hilo.

"Kwa hiyo kazi nimepata?"

"Hukunijulisha, nami sikujua. Neno langu ni neno langu. Harusi ya kwanza utakayopiga ni yangu." Aliigeuza picha ikatazama meza. "Ila iko shida moja. Baba yenu amesema bila ridhaa ya binti yake hafungi ndoa. Hakuna ndoa, hakuna harusi. Hakuna harusi, sijui nitakupa kazi gani. Amekuwa akisema atamwambia dada yako kesho tangu mvua zianze."

Mvua zilikuwa zimeshakwisha. Nikamkumbuka shangazi, ambaye mwaka jana alitaja kwa mbali kwamba mwanamume hakai peke yake. Dada alimpa mkoba wake na kumwonyesha mlango.

"Nataka aambiwe leo," alisema Bi Ratiba. "Na nataka unipigie uso wake anapoambiwa. Bila yeye kujua."

"Kwa nini usimuulize tu?"

"Nikimuuliza atanijibu kwa adabu. Nimepanga harusi nyingi, nimeona watu wengi wakijibu kwa adabu. Mimi nataka ule uso wa kwanza, kabla hajaupanga. Nijue kama ninakaribishwa au ninavumiliwa. Nikiona ninavumiliwa, nitamrudishia baba yenu tai yake aliyoisahau ukumbini."

"Si yake. Ni ya wateja."

"Nenda," alisema.

Saa nane mchana nilijificha nyuma ya kitambaa cheupe cha studio, kile ambacho wateja hukaa mbele yake. Nilitoboa tundu dogo. Lenzi niliyoitafuta kwa ajili ya umbali ilikuwa hatua chache kutoka kaunta, imerudishwa mpaka mwisho wake mfupi. Dada alikuwa kwenye kiti chake, anahesabu bahasha.

Baba aliingia. Alikuwa amechana nywele kwa maji. Picha alikuwa nayo ndani ya koti, nakala nilimpa mimi, na mpango nikamweleza.

"Binti yangu," alianza.

"Umepima?"

"Nimepima. Imeshuka."

"Kiasi gani?"

"Sana. Imeshuka vizuri sana. Ninachotaka kusema ni sababu ya kushuka."

"Si dawa?"

"Dawa ni sehemu." Aliangalia kitambaa cheupe, akaangalia kando haraka. "Binti yangu, wewe unajua kwamba mtu anaweza akawa na chumvi, na akawa hana chumvi."

"Umekula chumvi?"

"Sijala!"

"Nani amekupa chumvi?"

"Sikiliza kwanza."

"Baba, nitajie jina. Ni huyu mdogo wangu, siyo? Yuko wapi?"

"Hayupo," alisema baba, na akageuka tena kunitazama. Nilimkunjia uso kupitia kitambaa, jambo lisilo na faida yoyote.

"Mbona unatetemeka? Kaa chini. Presha imepanda."

"Haijapanda! Imeshuka! Imeshuka kwa ajili ya mtu!"

 Dada aliacha bahasha.

Baba akatia mkono ndani ya koti, akatoa picha, akaiweka kwenye kaunta ikiwa imelala kifudifudi, na kurudi nyuma mpaka mgongo wake ukagusa mlango.

Niliweka jicho kwenye kamera. Fokasi ilikuwa kwenye uso wa dada, kimya, haikuyumba. Sikuwa na cha kulalamikia kuhusu kifaa.

Dada aliigeuza picha. Aliinua kwenye mwanga wa dirisha. Macho yake yalianza kwa mwanamke mwenye fagio, yakasogea nyuma, yakafika kwenye masharubu.

Uso wake ulianza kubadilika, na nikabonyeza.

Kwenye kamera za aina yangu, picha inapopigwa kioo cha ndani hupanda na kuziba tundu la kuangalia. Mpiga picha ndiye mtu pekee chumbani asiyeuona wakati anaoupiga.

Kioo kilipanda. Mbele ya jicho langu pakawa peusi, na ndani ya weusi huo nilisikia kiti cha dada kikianguka, na dada akicheka.